Kitambaa cha Kompyuta

Miaka ile ya tisini, nyumbani kwetu Suna, kila kitu cha maana kilivalishwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, hata viti. Kwa hiyo niliponunua kompyuta kuukuu, nilimsumbua mke wangu mpaka akaifumia chake, cheupe, cha kufunika mpaka nyuma. Nikitaka kuandika, nilikipandisha mbele tu kama pazia.

Lakini kompyuta ikiwaka nusu saa, ilikuwa inazimika yenyewe. Mimi, mwalimu wa hesabu nisiyeambilika, nikatangaza kwamba diski ndiyo mbovu. Nikaifungua kwa kisu cha jikoni, nikachokonoa, nikapuliza, nikafunga. Skrubu tatu zikabaki mezani. Tangu hapo ikawa inawaka lakini haisomi chochote.

Niliipeleka kwa fundi Homa Bay, imevaa kitambaa chake kama bibi harusi. Fundi aliinua pindo la nyuma, penye feni ya pawa saplai, ile ya kuipoza.

“Mwalimu, hii ilikuwa inakosa hewa tu. Inapata joto, inajizima.”

Kisha akaifungua, akaona mikwaruzo ya kisu kwenye diski.

“Na diski?” nikauliza.

“Diski ilikuwa nzima,” akasema, “mpaka ulipoitibu.”