Maharage Yaliyobandikwa Sura ya Mgombea

Katungu alizaliwa Butembo, kule Kivu. Ndoa ndiyo iliyomleta Kisangani, na biashara ikambakiza hata baada ya kumzika mumewe. Aliuza maharage kwa jumla, na Misa ya Jumapili haikumpita. Wakimbizi wa vita vya ardhi walipovuka mto na kujaa katika uwanja wa parokia, hakungoja kuombwa. Alitoa magunia, akayakabidhi kwa padri Wenceslas.

"Padri, jina langu lisitajwe. Mungu ananijua."

Siku ya ugawaji alikwenda kutazama tu. Alipofika langoni, akasimama. Magunia yalikuwa yale yale yake, ila kila moja lilibandikwa picha ya mgombea ubunge, meno nje. Mwenyewe alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi.

"Batu ya Kivu bamejaza muji yetu! Maduka ni yao, sasa bamewapa nini? Mimi, mutoto wa hapa, ndiye nimewaletea chakula!"

Katungu alimtafuta padri kwa macho. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, anaangalia viatu vyake. Watu wakashangilia, na kati yao alikuwamo Julienne, mkimbizi ambaye mtoto wake mgonjwa Katungu alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe.

Akamshika bega. "Julienne, hata weye? Si unajua haya maharagi yametoka wapi?"

"Najua, mama." Julienne hakuinua uso. "Lakini bametuambia, mutu hapigi makofi, hapewi. Watoto hawajakula."

Katungu aliliachia bega lake. Alitoka bila kuaga, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akamwambia mwendeshaji aende tu, popote.

Kesho yake padri alimfuata dukani. Akaeleza kwamba mgombea ameahidi mabati ya kanisa, kwamba mambo ya siasa ndivyo yalivyo.

"Bon, padri. Na mimi niko mugeni ndani ya kanisa yangu?"

Padri akaaga, akaondoka.

Mgombea alishinda. Katungu hakuacha kusali wala kutoa, ila siku hizi huenda na sufuria yake uwanjani, anapika mbele ya watu na kumpakulia kila mmoja bila kumwuliza kabila wala dini. Julienne humchochelea moto. Wapo wanaokula huku wakinong'ona kwamba mama wa Kivu ananunua kura. Aliposikia hayo mara ya kwanza, mwiko ulimponyoka.