Siku Niliyochanganya Look For na Look After

Nilipoolewa Tunduma, mama mkwe wangu alifurahia jambo moja kuliko yote: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Yeye alitokea Kondoa, na duka lake la vitambaa lilikuwa karibu na mpaka. Wateja wengi walikuwa Wazambia. Kibemba alijua cha kutajia bei tu, Kiingereza akaniachia mimi.

Asubuhi moja tulikuwa stoo tukifungua marobota. Tuliporudi dukani tukakuta karatasi mezani, imewekewa mkasi isipeperuke. Mwandiko ulikuwa wa mteja wetu wa siku nyingi, mama mmoja wa Nakonde: "Please look after my mother."

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

Look for niliijua vizuri, ni kutafuta. Look after tulifundishwa shuleni siku moja na hiyo, ila maana yake ilikuwa imenitoka. Look ni kuangalia, nikajisemea kwa sauti. After ni baada, au nyuma. Kumwangalia mtu kwa nyuma? Nikaona labda ni kumfuatilia aliyekwisha kupita.

"Mama yake amepotea," nikasema. "Anaomba tumtafute."

"Masikini! Mtu mzima, na malori yote haya!"

Kwenye benchi letu alikuwa amekaa bibi mmoja, amepakata kikapu. Mama mkwe akamwomba kwa ishara atuangalizie duka.

"Ee, mukwai," bibi akaitikia kwa Kibemba.

Mama mkwe akaenda stendi, mimi nikaenda mpakani. Nilimwuliza mwanamke aliyekuwa akibadilisha kwacha kama amemwona mama mzee wa Kizambia.

"Yupi? Si wamejaa hapa. Anafananaje?"

Sikujua. Nikawa nawachungulia usoni wazee wa watu, wengine wakanisonya. Jua likapanda, miguu ikauma.

Tuliporudi mikono mitupu, mteja wetu alikuwa dukani, kakaa ubavuni kwa yule bibi. Akainuka, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru sana kwa ajili ya mama yake. Nikageuka nyuma nione huyo mama ameingia saa ngapi.

"Kampata wapi?" mama mkwe akaninong'oneza.

Bibi akamwegemea bintiye begani. Hapo nikaona.

"Ndiye huyu, mama. Alitaka tumwangalie tu."

"Na look umesema ni nini?"

"Kuangalia."

"Sasa hiyo kutafuta umeitoa wapi?"

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini, na wageni wetu wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Sikuwaeleza. Nisingejua hata nianzie wapi kwa Kiingereza.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja alikuja kununua kitambaa cha suruali. Nikamwuliza.

"Look for ni kutafuta, look after ni kutunza," akasema.

"Sawa, mwalimu. Lakini hiyo after inatunzaje?"

Akafikiri kidogo, kisha akaniomba nimpimie mita moja na nusu.