Daka Nililolibomoa

Nina ila moja ambayo watu wa nyumbani kwetu Likoni waliijua kabla yangu: sipendi kungoja. Nikipiga hodi nataka mlango uwe ushafunguka. Kivukoni husimama mbele kabisa, kana kwamba feri itanipendelea mimi. Basi mtu wa namna hii ndiye aliyesomea kuchora ramani za nyumba, na nyumba ya kwanza kuiharibu ikawa ya wazazi wake.

Nyumba yetu ilikuwa na daka. Ukitoka kichochoroni ulipanda ngazi mbili, ukaingia kwenye kijumba chenye paa, kilicho wazi mbele, na baraza ya mawe kila upande. Mbele yako ukuta. Mlango wa kuingilia ndani ulikuwa pembeni, ili anayesimama pale asione kitu hata ukiwa wazi. Mgeni alipiga hodi, akakaa barazani, akafuta jasho. Mama huku ndani alipata muda wa kuvuta leso kichwani, kuondoa ungo wa mchele njiani, kisha akaitika karibu akiwa tayari kuonekana. Muuza samaki aliishia hapo. Babangu na rafiki yake, jirani wa nyumba ya pili, walinywa kahawa yao hapo baada ya sala ya alasiri, baba upande wa kulia, mwenziwe wa kushoto, miaka nenda miaka rudi.

Nilipoipima nyumba ile, daka halikuwa na kitanda, wala jiko, wala kochi. Nikaandika kwenye karatasi: nafasi iliyopotea. Hati ni yangu, karatasi ninayo mpaka leo, na kila nikiiona naona haya.

Niliwaambia wazee tubomoe. Sebule ipanuke, mlango utazame kichochoroni moja kwa moja, upepo uingie. Nilisema sana siku hiyo. Mama alinisikiliza huku akichambua mchicha, kisha akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya zamani, nyumba za siku hizi hazijengwi kwa methali. Akanitazama kidogo.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma."

Mama akisema hivyo, mwenye akili zake husimama hapo hapo. Mimi nikaleta mafundi.

 Baba aliuchukua ule mlango wa zamani, wa mbao nzito, akauegemeza nyuma ya nyumba na kuufunika turubai. Nikamtania, "Baba, hata kuni hauwi huo." Akasema, "Wacha ukae. Hauli chakula."

Sebule ilipendeza, sitadanganya. Nilinunua makochi makubwa, wageni wakasifu, nikavimba kichwa. Miezi michache baadaye baba akafariki, Mungu amrehemu, na mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane anakaa nyumbani kwake, na wanaume wasio maharimu zake, wale wanaoweza kumwoa, hawamwoni. Hapo ndipo kazi yangu iliponisuta.

Kila mlango ulipofunguliwa, sebule nzima ilikuwa kichochoroni. Dereva wa tuktuk aliyesimama kungojea abiria angeweza kukwambia tuna vikombe vingapi. Nikatundika pazia, ule upepo niliousifu ukalipeperusha mpaka darini. Nikafunga mlango kutwa. Nyumba ikawa tanuri. Mwishowe mama akahamia chumba cha nyuma, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, akakaa huko. Wanawake wa mtaani walikuja kumliwaza, wakabanana kitandani, joto likawashinda, wakapungua mmoja mmoja. Yule rafiki wa baba alikuja mara mbili kumjulia hali. Mara zote mbili alisimama kichochoroni, akatazama mlango wangu mpya, akainamisha macho, akarudi zake. Hakuwa na pa kukaa, wala hakujua aangalie wapi.

Mama akaanza kula nusu sahani, kisha robo. Nikimsemesha ananijibu kwa neno moja, uso umeelekea ukutani. Niliogopa. Niliogopa kwamba eda itakwisha na mama hatatoka, au atakayetoka hatakuwa mamangu.

Nikamwita fundi wangu wa uashi apanue lile dirisha la nyuma. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, amehamia Likoni zamani kidogo. Tulipatana aje Jumamosi asubuhi. Nikamwachia mlango wazi, nikamngoja nyuma penye lile dirisha, ninavyojua kungoja mimi, mpaka nikatoka kwa hasira kumtafuta. Nikamkuta ng'ambo ya mtaro, juani, mfuko wa vyombo begani, ameipa nyumba mgongo.

"Mbona hukupiga hodi?"

"Nilipiga, boss. Mara tatu. Lakini nikisimama hapo kwa mlango naona mpaka ndani, na mama ako na eda. Nikaona heri nitoke." Akajifuta uso. "Hii nyumba iko na shida moja, boss. Haina mahali ya kungoja."

Kiswahili chake tulizoea kukicheka. Siku ile sikucheka. Nimesoma miaka yote ile, nikalelewa juu ya zile baraza, na aliyenisomea nyumba ya mamangu ni mgeni aliyekuja kutafuta kazi. Wallahi, ningeweza kukaa chini pale pale mtaroni.

Nikaingia kwa mama nikamwambia nakata sebule, narudisha daka. Hakugeuka.

"Na makochi yako?"

"Yatatoka."

"Haya," akasema, na haya hii haikuwa ile ya kwanza.

Fundi alianza kwa kutundika turubai kutoka darini mpaka sakafuni, ili mama apite kwenda msalani bila kuonekana. Kila alipotaka kuvuka aliita, "Mama, naingia," akahesabu kumi kwa sauti ndipo akavuka. Mama aliniuliza, "Yule yuwahesabu nini?" Nilipomweleza, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tukajenga ukuta unaotazama kichochoro, baraza mbili, na nafasi ya mlango pembeni.

Ulipofika wakati wa mlango nikasema nitaagiza kwa seremala. Fundi akauliza, "Na ule wa huko nyuma?" Nilikuwa nimeusahau. Tukafunua turubai nikitarajia mchwa. Mbao zilikuwa zimepakwa mafuta, bawaba zimezungushiwa vitambaa, na chini mlango umewekewa mawe mawili usiguse udongo. Nikadhani ni tabia tu ya baba, mtu asiyetupa kitu. Tukauinua, ukaingia mahali pake.

Kesho yake baada ya alasiri nilikuwa jikoni, nikasikia hodi. Rafiki wa baba alikuwa amekaa barazani, upande wake ule ule wa kushoto. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama akatoka taratibu, akavuta kigoda mpaka nyuma ya ukuta, akakaa.

"U hali gani, shemeji?"

"Alhamdulillahi. Nyumbani hawajambo?"

Wakazungumza bila kuonana. Jirani akamhadithia ugomvi wa wazee wawili msikitini, kila mmoja anataka feni imwelekee yeye, mpaka imamu akaizima. Mama akacheka kwa sauti. Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini nikalia kama mtoto. Jioni hiyo alimaliza sahani yake. Wiki ile ile wanawake wakarudi, wakajaza ile sebule ndogo mpaka sikuwa na pa kupita, na sikulalamika.

Siku hizi kila ramani ninayochora huanza na mahali pa kungojea. Wenye nyumba hunigombeza kwamba nawapotezea nafasi, nami huwaambia waende wakatafute mchoraji mwingine. Namshukuru fundi yule. Nilimwambia hivyo, akaona haya, akasema yeye alikuwa anaogopa jua tu.

Eda ilipokwisha mama alioga, akavaa, akafungua mlango mwenyewe, akatoka mpaka dakani. Akakaa upande wa kulia, pale alipokuwa akikaa baba.

"Ndoo ukae," akaniita.

Nikakaa. Nikamwomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga siku nyingi na yakanitoka vibaya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Siku ile uliyolibomoa daka nililia," akasema. "Babako akanambia, muache, atalijenga tena mwenyewe. Mimi, akasema, namtunzia mlango."

Mama akainuka kwenda kutia maji ya kahawa, akaurudisha mlango nyuma yake, nami nikabaki barazani nikimngoja.