Kiatu Ndani ya Mtama

Hadi leo nikinusa mtama mkavu gulioni, nakumbuka asubuhi ile walipokuja wageni wawili kutoka kusini. Babu alikuwa mpigania uhuru wa huko. Nchi yao ilikaliwa kwa mabavu, akakimbilia kambini Kongwa, akampata bibi, kisha akarudi vitani asionekane tena. Sasa ndugu zake walikuja kumchukua baba.

"Damu yako iko kule," mmoja alisema.

"Na kitovu changu kimezikwa hapa," baba akacheka. Akaanza kutafuta shati safi.

"Nenda, mwanangu," bibi akasema. "Ni kwa baba yako. Mimi sina neno."

Mimi nilikuwa nalo. Nilibeba kiatu cha baba cha kushoto, nikapanda kwenye kihenge, nikakizamisha ndani ya mtama hadi kwapa likazama. Vidole vikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kiatu cha kulia.

Nje baba akaita, "Mama, hujaviona viatu vyangu?"

"Nivione wapi, na macho haya?" bibi akajibu, akichambua mlenda wake bila kuinua uso.