Chombo cha Nyota cha Mke Wangu Hyasinta

Mke wangu Hyasinta alitandika vitanda vya wageni miaka kumi na moja, katika hoteli moja juu ya ukingo wa kreta. Hakuchukua hata kipande cha sabuni. Naanza na hilo kwa sababu ya watu wenye midomo.

Mwaka wa themanini na moja mgeni aliacha gazeti la picha. Ndani kulichorwa chombo kinachopeleka watu kwenye nyota wakaishi huko. Hyasinta alilitazama juma zima, kisha akaniuliza, "Baba Martini, hawa wanapika wapi?"

Nikasema sijui.

"Na ndama wanalala wapi? Aliyechora hiki hana mke."

Akaamua kutengeneza chake.

Hoteli ilikuwa inabomoa dari za bafu. Zilikuwa za plastiki nyeupe, ngumu, vipande vipana kama mlango, vikatupwa korongoni. Tajewo, msimamizi wa mafundi, akamwambia achukue, atawapunguzia kazi ya kuchoma. Alisema kwa mdomo. Karatasi hakumpa, na nani anaomba karatasi ya takataka? Hyasinta akavileta Karatu kwa lori la wafanyakazi, viwili kila siku ya mapumziko.

Alikwaruza mstari kwa ncha ya kisu mara tatu, akaikunja plastiki kwenye ukingo wa meza, ikakatika safi. Gundi alitengeneza mwenyewe: chenga za plastiki ndani ya petroli mpaka ziwe uji. Alipotaka mviringo aliishikilia juu ya mvuke wa sufuria ya maharage. Vifuniko vya dawa ya meno vikawa taa, kalamu zilizokwisha wino zikawa mabomba. Petroli ilinuka mpaka kwenye ugali. Nilinung'unika, akaniambia nikale kwa dada yangu.

Miaka miwili. Kikawa kirefu kuliko kitanda chetu. Jikoni aliweka mafiga matatu. Zizi lilikuwa na mlango unaofunguka. Lilibaki bawa la kushoto tu.

Ndipo ikaja themanini na tatu, ya kusaka wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanamwaga sukari mtoni wasikutwe nayo ndani. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Valeriani, alikuwa hajakamata mtu, na wenzake walishakamata. Akaja na mgambo, akauliza mali ya hoteli imefikaje kwetu. Hyasinta akaeleza. Tajewo alikuwa amekwisha rudi kwao Ololosokwan. Valeriani akanigeukia. "Baba Martini, wewe ulimsikia huyo Tajewo?"

Nikasema sikuwepo.

Ni kweli sikuwepo. Lakini ningeweza kusema, huyu mwanamke namjua, si mwizi. Niliona bunduki nikatazama chini. Hasira ya kwanza ni juu yangu. Iliyobaki ni ya Valeriani, nayo ni nyingi.

Walikibeba, majirani wakitazama kutoka milangoni mwao, hakuna aliyemtetea. Kielelezo, walisema. Kesi haikuitwa kamwe. Kila mwezi Hyasinta alikwenda ofisini kukidai, anaambiwa faili liko wilayani. Siku moja alirudi akasema kuku wa Mwenyekiti ameatamia ndani ya zizi. Hakwenda tena. Kwaresima iliyofuata kifua kikamchukua, na kijiji bado kinamwita mwizi wa hoteli.

Kwetu Wairaqw mfiwa hukaa meta. Haingii kwa mtu, hashiki cha mtu, mpaka wazee wamtoe. Anachogusa kimeguswa na kifo. Padre anakataza. Tunamsikia padre, na meta tunakaa.

Siku ya nne baada ya mazishi nikatoka. Dada yangu Antonia alinifuata kwa mbali akinisihi nirudi, nisiwapelekee watu msiba. Nikamwambia ndio ninaowapelekea. Nikaingia ofisini, nikaketi kwenye kiti cha Valeriani. Yeye na katibu wake walikuwa wamesimama dirishani.

"Baba Martini," akasema, "wewe uko meta."

"Ndiyo."

"Mimi Mkristo. Mambo hayo siyaamini."

"Basi nipe mkono, Ndugu Mwenyekiti."

Mkono wake ukaingia mfukoni. Katibu alikwisha ruka dirisha.

Chombo kilikuwa pembeni, kimejaa mavi ya kuku. Nikakishika huku na huku, polepole, anione. Nikamwambia aje anizuie.

"Kichukue," akasema. "Chukua na kiti."

Kiti si changu. Nikakifunga chombo mgongoni kwa kamba, nikapita katikati ya kijiji, mchana. Watu waliingia kwenye mahindi kunipisha. Nilisimama mbele ya kila mlango ulionyamaza siku ile nikasema: hiki ni cha Hyasinta, aliruhusiwa, mwizi hakuwepo nyumbani kwangu, mwoga ndiye aliyekuwepo. Sikuruka nyumba hata moja.

Wazee wakakaa, wakaniongezea meta mwaka mzima. Nikasema sawa. Hapa kijijini sina ninayetaka kumtembelea.