Kamba ya Ndama Iliyovuka Ziwa

Nilitoka Ulemo kwa sababu ya maneno ya mnunuzi wa alizeti. Alinisimulia kwamba kwao Sepuka yupo mzee aitwaye Njiku, anayechekwa na kijiji kizima kwa kudai kwamba wakati wa vita vya Kagera alivuka Ziwa Victoria akiwa amejifunga kwenye nguzo ya meli kwa kamba ya ndama. Mimi sikucheka. Nilikuwa baharia wa meli hiyo.

Asubuhi nilipanda basi hadi Singida mjini. Kando ya Ziwa Singidani niliikumbuka meli yetu. Kabla ya vita ilibeba abiria na marobota ya pamba. Vita vilipoanza, viti viling'olewa. Tukawa tunapakia askari na unga Mwanza, tunawashusha Bukoba, tunarudi na majeruhi. Amani iliporudi ikabeba pamba tena, mpaka injini ikachoka, ikakatwa vyuma chakavu.

Mchana niliingia Sepuka. Mke wa mwanawe Njiku aliniamkia, akanipeleka uani. Mzee alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo kaka. Mimi ni yule baharia aliyekucheka melini."

"Marahaba. Aliyeniita ndama wa mama?"

"Ndiye."

"Halafu ukateleza kama sabuni!"

Majirani waliokuwa uani walisogea karibu. Nikawaeleza: wimbi lilipiga, nikaserereka kuelekea majini. Wengine wote walikuwa wameng'ang'ania vyuma. Njiku alishikiliwa na kamba, mikono yake ilikuwa huru. Akanidaka mkanda. Bukoba alishuka na kikosi chake kabla sijamshukuru, kwa kuwa niliona aibu. Vita vilipokwisha sikumtafuta, kumbe alikuwa Sepuka, si mbali na kwetu. Kosa hilo ni langu.

"Asante, kaka. Nimeishi kwa mkono wako."

Alifuta macho kwa kiganja chenye pumba. "Mama, songa ugali mkubwa," alimwambia mkwewe. "Uzito wa mgeni huyu naujua mimi."

Tulikula ugali kwa mlenda, tukacheka hadi jioni. Nililala kwake.

Kesho yake alinipa jogoo, miguu imefungwa kwa kipande cha kamba ya ndama. Kituoni kijana mmoja aliuliza, "Babu, wewe ndiye mgeni wa mzee wa kamba?"

"Ndiyo. Ndiye aliyeniokoa."

Hakuna aliyecheka.

Nyumbani Ulemo nilimfungua jogoo, kamba nikaitundika mlangoni. Nimejifunza kusimulia upya safari ile: wajukuu wakiiulizia kamba, sianzi na wimbi. Naanza na kicheko changu.