Glasi Ambayo Sikuionja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hurudi kunikalia kila joto la mwezi wa tisa linapoubana mji wetu, kabla mvua hazijaja kutuhurumia. Umeniomba nikufundishe juisi ya matunda utakayowapa wakwe zako Jumapili. Nitakufundisha, usinikimbize. Juisi yenyewe ni kazi ya robo saa. Lililobaki limenichukua zaidi ya miaka ishirini kulielewa, na hilo nitakupa leo, upende usipende.

Nilikuwa mke mchanga hapa Buyenzi, mama wa mtoto mmoja, Ramadhani, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Mama Rama. Mume wangu alikuwa fundi wa magari kule Zone Industrielle, penye viwanda, na mwaka ule alininunulia mikseri, ile mashine ya kusagia matunda. Ilikuwa imeshatumika na kifuniko kimepasuka, lakini kichochoro chetu kizima hakuna aliyekuwa nayo. Nilivimba kichwa, nisikufiche. Mtu akipita tu kusalimia, mimi nimeshakamata kisu na nanasi.

Nyumba ya pili aliishi Mama Deo. Alikuwa Mkristo, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Nilipokuwa namzaa Rama, mkono wake ndio nilioushika mpaka nikauachia alama za kucha. Sikuzaliwa na dada. Mungu alinipa yeye. Lakini Mama Deo alikuwa na kidonda chake. Mumewe alirudi siku moja kutoka kwenye sherehe, akasema amechoka, akalala, asiamke. Watu walisema aliwekewa kitu kwenye kinywaji. Kweli au uongo, ajuaye ni Mungu. Tangu hapo Mama Deo hakuweka kinywaji cha mtu mdomoni, isipokuwa changu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye alishtuka kwa kila mtu ila kwangu. Wakati ule sikujua nimebebeshwa nini.

Na desturi yetu hapa Burundi unaijua, sote tunaishika, Waislamu na Wakristo. Anayempa mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo amkabidhi. Kwa Kirundi ndiyo kusogongera. Hakuna anayekueleza kwa nini inafanywa, na hakuna asiyejua.

Basi siku hiyo, Alhamisi baada ya adhuhuri, Mama Deo aliingia kwangu na shemeji yake Visenti, ndugu wa marehemu mumewe, aliyetoka Gitega asubuhi ile. Joto lilikuwa la kunyamazisha hata mbwa. Mimi nilikuwa nimefunga. Nilikuwa nalipa zile siku za Ramadhani ambazo sisi wanawake hutuponyoka kwa ajili ya mambo yetu ya mwezi. Mbele ya mwanaume mgeni nitaanzaje kusema hilo? Nikakimbilia jikoni.

Sikiliza sasa, hapa pana mafundisho ya jikoni. Binyomoro, yale matunda ya mtini yanayofanana na nyanya, nilizimwagia maji ya moto ili ganda libanduke lenyewe, nikabaki na nyama yake nyekundu. Maracuja, ambazo wengine huziita pasheni, nilizichuja kwanza, maana mbegu zikisagwa juisi inakuwa chungu. Nanasi nusu, ndizi moja iliyoiva ya kuipa uzito, maji yaliyochemshwa yakapoa, na barafu ya mfuko niliyoivunja kwa mchi. Sukari kidogo sana. Nyinyi wa siku hizi mnatia sukari mpaka tunda linaona aibu. Ikatoka juisi nyekundu iliyokolea, na povu juu.

Nikaimimina kulekule jikoni, ambako hawakuniona. Nikatoka na glasi mbili juu ya sinia, nikawakabidhi, nikakaa.

Mama Deo aliishika glasi yake, akangoja. Akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

"Na we, Mama Rama?" akauliza.

"Mi nimeshakunywa jikoni."

Macho yake yakashuka mpaka kwenye midomo yangu. Ilikuwa mikavu tangu alfajiri, imepasuka, ina ukoko mweupe. Mtu aliyetoka kunywa hana midomo ile. Visenti alikuwa na kiu ya safari, hakungoja. Alipiga funda moja kubwa. Mama Deo alimwekea mkono begani, taratibu tu, naye akaishusha glasi. Tukaongea habari ya barabara na habari ya mvua, kisha wakaaga.

Nilibaki na zile glasi mbili. Chumba kilikuwa kimya mpaka nilisikia povu likipasuka. Juisi ikaanza kujitenga mbele ya macho yangu, maji yakapanda juu na wekundu ukazama chini ukatulia. Sijui kwa nini niliogopa kuigusa juisi niliyoitengeneza mwenyewe. Magharibi ilipoadhiniwa nilifuturu kwa glasi hizohizo zote mbili, na kama unavyoniona sikufa. Lakini nani aliniona?

Siku ya tatu Visenti akashikwa na homa na kutapika.

Mwanangu, laiti wangenitukana! Hakuna aliyenitukana. Nikifika bombani, mazungumzo yanakatika. Nikigeuka na ndoo yangu, yanaendelea. Bakuli nililomwazima jirani nililikuta mlangoni, halijakauka, linanuka javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, na aliyelileta hakubisha hodi. Nikipita kichochoroni mchana, milango ilifungwa mbele yangu mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kelele, na upepo hakuna. Nyuma ya kila pazia nilijua kuna jicho. Rama aliniuliza kwa nini Deo haji tena kucheza, nikamwambia ana kikohozi.

Sote tulijua mwanamke hufanywa nini jina la mlozi likimkaa. Katika mtaa mwingine, si mbali, mmoja aling'olewa mabati ya nyumba yake na watu waliokuwa wakimsalimia kila asubuhi. Lakini hata hilo halikunitisha sana kama jambo hili: nilianza kuitazama mikono yangu. Nilikuwa naiosha, naitazama, naiosha tena. Nikajiuliza kile kisu nilikitoa wapi. Nikajiuliza kama kweli sikutia kitu. Na kule ng'ambo ya ukuta alikuwa dada yangu, akimkanda shemeji yake maji, akiamini kwamba mkono pekee aliokuwa akiuamini ndio umemfanyia haya. Hilo liliniuma kuliko yote.

Siku ya sita akaja Shangazi Sauda, shangazi wa mume wangu, mwanamke mfupi asiyejua kuzunguka maneno. Hata hakukaa.

"Ulisogongera?"

"Apana, shangazi. Nilikuwa nimefunga."

"Ukawaambia?"

"Niliona haya. Kulikuwa mwanaume. Zilikuwa zile siku za kulipa."

Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. "We mutoto we! Nani angekuuliza unalipa nini? Funga ni funga! Ungesema neno moja, nimefunga, Mama Deo angekunywa, vraiment angekunywa. Kumbe ulimupa uongo, na ule mwanamuke alisha kuzika bwana yake. Mficha uchi hazai, na we ulificha hata kisicho uchi."

Akaniamuru nichukue mikseri na matunda mazima, nisikate hata moja, niende navyo kwa Mama Deo jua likiwa utosini. Siku hiyo sikuwa nimefunga.

Uani kwake walikuwa wameketi wanawake saba au wanane waliokuja kumtazama mgonjwa. Hodi yangu haikuitikiwa. Mama Deo alikuwa kizingitini, amekonda kwa siku sita tu. Nikapitisha waya wa umeme dirishani, nikapiga magoti, nikaanza kumenya. Walitazama kisu, kisha vidole vyangu, kisha kisu. Mikseri ilipiga kelele, ikanyamaza. Nikamimina glasi moja.

"Siku ile nilikuwa nimefunga, Mama Deo," nikasema. "Nilikudanganya. Sikukunywa jikoni."

Nikainywa yote.

Hawakutikisika. Walikuwa wanangoja nianguke. Nami, mwanangu, nilikuwa nangoja vilevile. Nzi alitua kwenye ukingo wa glasi, akauzunguka wote, akarudi alikoanzia. Nilijua sikutia kitu, na bado nilikuwa nahesabu pumzi zangu.

Ndipo sauti ya Visenti ikatoka ndani, dhaifu, ya mtu aliyechoka kulala. "Na mi munipe basi! Dokteri alisema ni malaria, tangu jana alisema. Mambo ya sumu muyaache, kiu itaniua mbele."

Akapelekewa, akanywa. Baada ya wiki moja alirudi Gitega akitembea kwa miguu yake mpaka kwenye gari. Milango ya kichochoro ikafunguka kidogokidogo, bombani nikaanza kusalimiwa, na jina langu nikarudishiwa.

Mama Deo siku ile nilimpa glasi yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini kando ya mguu wake. Ilikaa pale mpaka barafu ikayeyuka. Usidhani alininunia, alinisamehe, na kwa moyo. Alinishika mkono katika uzazi wangu wote uliofuata. Idi alikuwa kwangu, Noeli nilikuwa kwake. Lakini kila nilipomletea kinywaji, hata maji, hata nikionja mbele yake, alitabasamu akasema, "Nimeshakunywa nyumbani, Mama Rama." Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nalishwa uongo uleule niliompa, kwa upole, kwa tabasamu, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Kiangazi kilichopita akaanguka kitandani. Nilikwenda kila siku. Alasiri moja alifumbua macho akaniambia, "Leta ile jus yako nyekundu." Nikakimbia kama msichana. Niliitengeneza palepale kando ya kitanda chake. Nikamimina mbele ya macho yake. Nikaonja.

Macho yake yalikuwa kooni mwangu.

"Kunywa tena," akasema.

Nikanywa.

"Tena."

Nikanywa tena, na tena, mpaka glasi ikaisha, na machozi yakinitiririka nisiyafute. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, cha moto kwa homa. "Sawa," akasema. "Kesho utaniletea yangu."

"Ego, dada," nikamwitikia.

Asubuhi nilikuwa nimeshatia binyomoro kwenye kikapu Deo alipokuja kunipa habari. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo, mwanangu, sijui kama angekunywa.

Sasa sikia ninalotaka ulishike. Jumapili menyea matunda wakwe zako wanapokuona. Mimina mbele yao, onja wa kwanza, umeze waone. Na ikitokea siku huwezi kuonja, iwe umefunga, iwe unatumia dawa, iwe tumbo limekukataa, sema hapohapo kwa mdomo wako, hata uso ukiwaka kwa haya. Haya huisha kabla mgeni hajamaliza glasi. Shaka ukiisha kumtilia mtu moyoni, hata wewe uliyeitia huwezi kuitoa, na ukweli ukiuleta baadaye utaunywa peke yako mtungi mzima na hautatosha.

Mwenyezi Mungu akupe mkono usiotiliwa shaka na ulimi mwepisi wa kusema kweli. Akupe na dada ng'ambo ya ukuta, na akikuamini, akujaalie kulijua hilo siku ileile. Amina. Haya, niletee hizo maracuja.